Mereoni na Paka wa Chumba cha Dobi

Mereoni alifua mashuka ya watu wengine karibu maisha yake yote ya utu uzima. Aliingia kazini katika hoteli ile ya ufukweni, upande wa mvua wa kisiwa cha Vanua Levu, akiwa msichana mwenye nywele nene zilizosimama kama kofia, akaiacha kazi siku magoti yalipogoma kupanda ngazi. Katikati ya hapo alizika mume, akakosa mtoto, akajenga nyumba ya mabati ng'ambo ya kijito, karibu sana na hoteli, hata harufu ya vitunguu vya wageni ilimfikia kabla ya harufu ya chungu chake mwenyewe. Majirani walimheshimu kwa sababu aliimba sauti ya kwanza kanisani na hakuwa mtu wa kupeleka maneno. Walimcheka kwa sababu ya paka.

Mambo ya paka yalianzia dobini. Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya jiko, chenye joto, na marundo ya taulo yasiyokauka vizuri msimu wa mvua. Kwa paka mwenye mimba hapakuwa na mahali pazuri zaidi kisiwani. Walizaa nyuma ya mashine, ndani ya vikapu, mara moja hata ndani ya droo ya vitambaa vya meza. Amri ya hoteli ilikuwa ya zamani kuliko mashine zenyewe: anayekuta vitoto avitie katika foronya kuukuu, afunge, apeleke gatini akaitose baharini. Waliofanya hivyo hawakuwa watu wakatili. Walikwenda wameinamisha kichwa, wakarudi wakaosha mikono, wakaendelea kupiga pasi.

Siku moja zamu ilimwangukia Mereoni. Alifika mpaka mwisho wa gati, foronya ikijipindapinda mkononi mwake, akasimama pale muda ambao wavuvi walioketi karibu waliuona mrefu. Kisha akarudi nayo. Vitoto vile alivificha chini ya ngazi ya dobi pamoja na mama yao, paka wa rangi ya majivu aliyetembea taratibu kama mke wa mchungaji anayeingia kanisani. Wenzake wakampa paka huyo jina la Marama, Bibi Mkubwa.

Meneja wa wakati huo, Bwana Devendra, alimfuma akivipa maziwa ya wageni. Alikuwa mtu wa mji wa Labasa, mpole, mwenye tumbo lililomsumbua. Hakumfukuza. Alimwuliza tu atafanya nini vitoto hivyo vikikua na kuzaa vyao, na hao wakazaa wao, mpaka wageni wakose pa kuweka miguu. Ni Devendra mwenyewe aliyemletea jibu baada ya majuma kadhaa: kulikuwa na daktari wa wanyama mjini, Roshni, binti wa watu anaowafahamu, aliyezunguka vijijini akiwahasi paka dume na kuwafunga kizazi majike, kisha akiwarudisha pale pale walipotoka. Paka wakirudi, alisema, wanalinda eneo lao, hawazai tena, na paka wengine hawaingii ovyo. Ukiwaua, wengine wanakuja kukalia nafasi.

Hivyo ndivyo Mereoni alivyojifunza kazi ya pili. Alijifunza kuwanyima paka chakula siku nzima kabla ya kutega, ingawa walimlilia mpaka akaziba masikio. Alijifunza kutandika gazeti ndani ya kizimba cha waya, kumwaga mchuzi wa samaki wa kopo kuanzia mlangoni hadi kwenye kibao cha nyuma, na kukaa mbali bila kukohoa. Mlango ukianguka, alikimbia na shuka kuukuu kukifunika kizimba, kwa maana paka asiyeona hatari hutulia. Daktari Roshni alifanyia kazi katika ukumbi wa kanisa, juu ya meza ya akina mama ya kukatia keki, baada ya mchungaji kusitasita sana. Kila paka aliyekwisha kupasuliwa alikatwa ncha ya sikio la kushoto angali usingizini, ili ajulikane kwa mbali asikamatwe tena bure.

Si wote waliorudi. Wengine walikuwa wameoza midomo, wengine wamevunjika nyonga kwa magari ya hoteli. Daktari alimweleza Mereoni bila kuficha, naye alikaa akiwashika kichwa wakati sindano ya mwisho inaingia. Alikuwa akisema kwamba hiyo nayo ni sehemu ya kazi, na kwamba anayetaka sehemu tamu peke yake afuge kasuku.

Mwenzake katika hayo yote alikuwa Sevanaia, mtunza bustani wa hoteli. Sevanaia alitoka kisiwa kingine, na watu wa kisiwa hicho na watu wa kwao Mereoni ni watani tangu enzi za mababu, wana ruhusa ya kutukanana, kunyang'anyana sahani na kudharauliana mizimu ya ukoo bila mtu kununa. Hawa wawili waliitumia ruhusa hiyo mpaka ikachakaa. Hakuna asubuhi iliyopita bila Sevanaia kusimama mlangoni kwa dobi na panga lake.

"Mtumwa wangu, umeamka? Au wanao wamekulalia kifuani?"

"Nimeamka, mtumwa wa watumwa wangu. Wanangu wanauliza, yule kiumbe mwenye miguu ya bata amekuja kufanya nini?"

"Waambie baba yao wa kambo anataka chai."

"Wao wana haya. Hawawezi kuwa na baba anayenuka mbolea."

Kisha Mereoni alimpa chai ya majani ya mlimao pamoja na mkate, naye Sevanaia akabeba vizimba. Vilikuwa vizito, na magoti ya Mereoni yalikuwa yameshaanza kulalamika. Kwa kubeba huko Sevanaia alijua kila alichojua mwenzake: nani mgonjwa, nani ana wivu, nani hali mpaka apewe pembeni. Alijua pia wito. Jioni Mereoni aligonga kijiko cha bati kwenye ukingo wa sufuria na kuita kwa sauti yake ya kanisani, "Mai, mai, mai," yaani njoo, na paka wakatoka chini ya ngazi, juu ya paa la jenereta, ndani ya vichaka vya mihibiskasi, mikia imesimama. Miaka ilipita hivyo. Vitoto vilikoma kuzaliwa dobini. Paka walizeeka kwa heshima, mmoja baada ya mwingine, na hata waliokuwa wakimcheka Mereoni walikiri kwamba vilio vya usiku vimekwisha na panya wamepungua katika magunia ya mchele.

Devendra alipostaafu, hoteli iliuzwa, akaja meneja mpya, Bwana Halloran. Naye hakuwa mtu mkali. Alisikiliza haraka na kukubali haraka, na ilikuwa vigumu kujua kama amesikia. Mereoni, ambaye sasa alikuwa ameacha kazi lakini akija kila jioni kwa ruhusa ya zamani, alikwenda kumwomba ruhusa mpya. Halloran aliwatazama paka kupitia dirishani, akasema wale wenye masikio yaliyokatwa hawana neno, waendelee. Mereoni alimshukuru. Alipotoka alimwambia Sevanaia kwamba mgeni huyu ana macho ya mtu asiyelala, lakini neno lake ametoa.

Ndipo dada yake Mereoni akafariki, kule kisiwani Taveuni. Huyo ndiye aliyekuwa ndugu yake wa mwisho aliyebaki wa tumbo moja. Hapakuwa na namna ya kwenda na kurudi upesi; msiba una siku zake, na baada ya siku zake una mikeka ya kupeleka na mashangazi wa kukaa nao. Kabla ya kupanda feri alimpa Sevanaia kijiko na sufuria. Hata siku hiyo, macho yakiwa mekundu, alimtania.

"Usile wewe. Ni chakula cha watu wastaarabu."

"Nitawaachia mifupa," alijibu Sevanaia. "Nenda kamlilie dada, mtumwa wangu. Hapa nipo."

Aliporudi, mvua ilikuwa imenyesha mfululizo na kijito kimejaa. Hakuingia kwanza nyumbani kwake. Aliweka mzigo chini ya mti wa shelisheli, akapita moja kwa moja nyuma ya jiko akiwa bado na nguo nyeusi na mkeka wa msiba umefungwa kiunoni kwa desturi ya kwao. Uwanja wa dobi ulikuwa kimya. Akaita. Hakutoka hata paka mmoja.

Sufuria lake lilikuwa limefunikwa kichwa chini kwenye kigingi, limesuguliwa kwa mchanga na sabuni mpaka linameta. Mereoni alilitazama sana. Kwa miaka yote Sevanaia hakuwahi kuosha hata kikombe chake cha chai. Ilikuwa moja ya sababu kubwa za kumtukana.

Wa kwanza alimkuta nyuma ya tangi la maji, wa pili na wa tatu pamoja chini ya sakafu ya dobi, wamejikunja, midomo ikiwa na povu lililokauka. Wengine walikuwa wamekwisha kuzikwa, kwani udongo chini ya mihibiskasi ulikuwa mpya na umepigwa vizuri, kwa mkono wa mtu anayejua bustani. Marama alikuwa hai. Alikuwa chini ya ngazi, pale pale alipofichwa pamoja na vitoto vyake zamani, mzee sasa, mifupa mitupu, akitetemeka. Labda alikuwa amekula kidogo, kwa kuwa meno hayakuwepo.

Mereoni aliomba simu ya mpishi akampigia Daktari Roshni. Daktari alisema anakuja, kisha akapiga tena kusema daraja limefunikwa na maji na polisi wanarudisha magari. Alimweleza la kufanya: amweke mahali penye giza, joto, asimlazimishe chochote mdomoni. Hapakuwa na zaidi. Mereoni alimfunika kwa mkeka wa msiba wa dada yake, akakaa chini kwenye unyevu, mgongo ukutani. Wasichana wa dobi walimletea chai, ikapoa. Mmoja alitaka kusema nani aliyefanya, Mereoni akamwinulia mkono asiseme. Kwa mitetemeko mirefu na vituo virefu, Marama alikata roho kabla watu wa zamu ya mchana hawajaondoka.

Ndipo akaenda kwa meneja, na matope yake. Halloran alisimama alipomwona, akampa kiti, ambacho hakukikalia. Alisema anasikitika. Kundi la wageni lilikuwa linakuja, mmoja aliyepita alikuwa ameandika mtandaoni kwamba paka wamezagaa karibu na jiko, na wenye mali walitaka hatua. Alisema aliambiwa dawa ile inafanya kazi haraka na haina maumivu.

"Nani aliyekuambia haina maumivu?" aliuliza Mereoni.

"Waliotuuzia."

"Uliniambia wenye masikio yaliyokatwa hawana neno."

Halloran alipapasa karatasi zake. Alisema hali ilibadilika. Mereoni akatoka bila kuaga, na kwake kutoaga lilikuwa jambo zito kuliko tusi.

Sevanaia alikuwa nyuma ya kibanda cha zana, ameketi juu ya ndoo, kama mtu anayengoja kuitwa. Hakukana. Alieleza kwamba Halloran alimwita ofisini akamwambia awaue paka au aache kazi ya bustani, achague. Mara ya kwanza aliweka chakula chenye sumu, akaenda zake, akiomba moyoni wasije. Hawakuja, hawakumjua mtu anayeweka chakula kimyakimya. Halloran akauliza kwa nini bado wapo. Mara ya pili alichukua kijiko.

"Uliwaita," alisema Mereoni.

"Niliwaita."

"Kwa sauti yangu."

Sevanaia alifunika uso kwa mikono yake yenye udongo. "Walikuja wote, Mereoni. Hata yule mwoga. Wote."

Kwa miaka yote hakuwahi kumwita kwa jina. Mereoni alisimama akimtazama utosini, akitafuta tusi, maana alikuwa nayo mengi, ghala zima. Hakupata hata moja. Alikwenda kumchimbia Marama kaburi, na Sevanaia alipoinuka na jembe amsaidie, alimwambia asijisumbue, ahsante.

Kisicho cha kawaida ni kwamba Sevanaia alileta mizizi ya kava, kinywaji cha mapatano, kuomba msamaha. Kwetu mtu huleta kava kwa damu, kwa mke wa mtu, kwa ardhi. Hakuna aliyekumbuka mtu kuleta kava kwa ajili ya paka. Habari ilienea, na watu wasio na kazi walijazana kwenye ngazi za Mereoni wakiuma midomo wasicheke. Binamu yake Mereoni, Isireli, aliketi kupokea kwa niaba yake. Sevanaia aliingia akitambaa, akaketi chini kabisa karibu na mlango, akasema maneno yanayosemwa, na sauti yake ilikatika katikati mahali ambapo kwa kawaida haikatiki. Waliokuwa wakiuma midomo wakaacha.

Isireli alimtazama Mereoni. Kava iliyoletwa hivyo haikataliwi. Ukiikataa unajitenga na watu. Mereoni aliinamisha kichwa, Isireli akaigusa, akajibu, ikapondwa na kunywewa. Jambo likawa limekwisha mbele ya jamii.

Wiki iliyofuata Sevanaia alipita kwenye kijito, akamwona Mereoni akichuma mboga, akajaribu. "Mtumwa wangu, mboga hizo ni zako au za jirani?"

Mereoni alisimama wima. "Habari za asubuhi, Sevanaia. Ni zangu. Natumaini watoto hawajambo."

Alisema kwa upole kabisa, kama unavyomjibu afisa wa afya. Sevanaia alibaki amesimama na panga lake. Kisha akajibu kwamba watoto hawajambo, akaenda. Kila walipokutana tangu hapo ilikuwa hivyo: salamu kamili, heshima kamili. Mkewe Sevanaia alikuja kwa siri kumwomba Mereoni amtukane mumewe japo mara moja, kwa kuwa hali chakula vizuri. Mereoni alimjibu kwamba angependa, lakini tusi halimjii. Hakuwa akimwadhibu mtu. Kilichokuwepo kilikauka, na hakujua maji yake yalikuwa yakitoka wapi.

Hotelini panya walianza jikoni, kisha darini, kisha chumbani kwa mgeni. Baada ya panya wakaja paka, kutoka jaani na kutoka nyumba za wavuvi, wakali, masikio mazima, wakipigana usiku na kuzaa popote. Mashuka yalitoka dobini na alama za mikojo. Halloran aliondoka kabla ya mwaka kwisha. Wengine walisema alihamishwa, wengine kwamba aliomba. Aliyemfuata alikuwa mwanamke wa mji wa Suva ambaye aliuliza wafanyakazi hapo zamani ilikuwaje, wakamtajia jina.

Mereoni alikataa. Alisema amezeeka, na ilikuwa kweli. Jicho moja lilikuwa na ukungu. Alikataa tena alipoletewa zawadi ya nguo. Kilichomtoa nyumbani si ombi. Msichana mmoja wa dobi alimwuliza baada ya ibada, kwa sauti ya chini, kama foronya inayotumika iwe nyeupe au yoyote tu, kwa sababu yeye ni mgeni kazini na amekuta vitoto. Mereoni alimshika mkono, wakaondoka bila kungoja chai ya kanisa.

Akaanza upya, lakini si kama zamani. Hakurudia kugonga sufuria. Aliweka chakula mahali pale pale saa ile ile, akageuka, akaondoka kabla ya wa kwanza kutokeza pua. Hakuwapa majina. Alipotega, alitega kwa njaa na harufu tu. Wasichana waliomwomba angalau amkune kichwa yule mwenye madoa aliwakatalia kwa ukali usio wake.

Vizimba vilibebwa na Sevanaia. Hakuna aliyemwomba. Siku ya kwanza ya kutega alikuwepo na toroli, akavipakia, akavifunika kwa mashuka kuukuu vizuri, kila ncha imekunjwa. Waliongozana mpaka ukumbini, yeye mbele, Mereoni nyuma akishika kizimba kisiteleze, wakizungumza yaliyo lazima: shika hapo, kuna jiwe, ngoja nipumue. Daktari Roshni, ambaye nywele zake nazo zilikuwa zimeanza mvi, alifanya kazi yake mpaka mikono ikamfa ganzi. Jike mmoja aliyekuwa na uvimbe mkubwa hakumwamsha. Mereoni alimshika kichwa.

Wakati wa kufungua vizimba, siku iliyofuata, daktari alitaka kujua jambo. "Nau, mama yangu, wale wa zamani walikuwa wakikufuata mpaka mlangoni kwako. Hawa mbona wanakukimbia?"

"Nataka wakimbie," alisema Mereoni. "Wasimjue mtu. Mtu yeyote akiwaita, wasije."

Sevanaia alikuwa amepiga goti kwenye kizimba cha mwisho, akihangaika na ndoano iliyoshika kutu, na hakuinua uso. Mlango ulifunguka. Dume mweusi, sikio lake likiwa bado na damu, alibaki ndani kitambo, amejibana kwenye waya wa nyuma, akiwatazama wote watatu. Mereoni alirudi nyuma hatua kadhaa, akawapungia wenzake warudi pia. Walipokuwa mbali vya kutosha, paka alichomoka, akakata uwanja, akapotea kwenye majani ya magimbi, na majani yaliendelea kutikisika kwa muda baada ya yeye kupita.